Mwenye Nauli Ndiye Anayehesabiwa: Tathmini ya Programu na Afya ya Wastaafu wa Jeshi

Soko la Kariokor jijini Nairobi linajulikana kwa nyama choma, vyondo na viatu vya ngozi. Wachache wanaokula pale hukumbuka kwamba jina hilo ni Carrier Corps lililopita katika vinywa vya watu: kikosi cha wapagazi waliobeba risasi na unga wa majeshi ya Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia. Vita vilipokwisha, mishahara ya marehemu wengi ilibaki serikalini kwa kuwa majina yalikuwa yameandikwa vibaya, au jamaa zao hawakujulikana waliko.

Nimeanza na daftari lile bovu kwa makusudi. Makala hii inahusu neno zito la ofisini, tathmini ya programu, lakini ukilimenya neno hilo unakuta daftari ndani yake: nani ameandikwa, nani amesahauliwa, na serikali inaamua nini kwa kuangalia majina ya walioandikwa peke yao.

Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011. Januari 2016 kambi ya El Adde ilishambuliwa, na Januari 2017 ikawa zamu ya Kulbiyow. Kijana aliyevuka mpaka akiwa na miaka 25 sasa amefika arobaini au anaibishia hodi. Wengi wa kizazi chake wamevua magwanda. Utawakuta Kahawa West, Kayole, Utawala na Rongai, na wengine wengi wamerudi kwao mashambani. Mwaka 2022 Kenya ilipata sheria mahsusi ya maveterani wa kijeshi, na tangu hapo mazungumzo kuhusu matibabu yao, ushauri nasaha na maslahi yao yana mahali pa kushikia.

Sheria ikishapatikana, huja programu: kliniki ya afya ya akili, vikundi vya mazungumzo, miguu ya bandia, msaada wa kuacha pombe. Na kila programu hufikia siku ya kuulizwa swali moja na mwenye pesa: inasaidia?

Swali hilo ni gumu kuliko linavyosikika, na nimekaa katika vikao vya kutosha jijini Nairobi kujua jinsi linavyokwepwa. Slaidi huwekwa ukutani: wastaafu kadhaa wamehudumiwa, mafunzo kadhaa yamefanyika, wauguzi kadhaa wamepewa vyeti. Watu hupiga makofi, chai huletwa. Hakuna uongo katika slaidi hiyo, ila haijajibu swali.

Fikiria matatu ya Githurai. Makanga anahesabu abiria kila kituo, anajua waliopanda na walioshuka, anajua pesa iliyoingia. Huo ndio ufuatiliaji, na bila huo gari halifiki jioni. Lakini ukitaka kujua kama njia hiyo imewapunguzia watu wa Githurai muda wa kufika kazini, hesabu ya makanga haikutoshi. Itabidi ujue walikuwa wakifikaje kabla ya gari hilo, na wangekuwa wakifikaje leo kama lisingekuwapo. Hapo ndipo tathmini inapoanzia. Wataalamu wetu huyataja maneno hayo mawili kwa pumzi moja, ufuatiliaji na tathmini, kama pacha. Mimi nayaona kama mtu na shemeji yake: wanakaa nyumba moja, lakini kila mmoja ana ukoo wake.

Kiini cha tathmini ni hilo neno dogo, *ingekuwaje*. Ingekuwaje kama programu haikuwapo? Swali hili lina mtego ambao hata madaktari huuingia. Mtu haendi hospitali siku yoyote tu. Huenda homa inapopanda. Mstaafu naye hakubali kupelekwa kliniki ya akili katika wiki nzuri. Huenda amekesha siku tano, amemrukia mtoto aliyeangusha sufuria jikoni, na mkewe ameita kaka zake. Anafika akiwa kwenye kilele cha mlima, na kutoka kileleni njia kubwa ni ya kushuka. Miezi mitatu baadaye ana nafuu. Je, ni kliniki iliyomshusha, au angeshuka kiasi hicho hata kama angebaki nyumbani?

Tutunge mfano. Tarakimu hizi si za kliniki yoyote, ni zangu za kufundishia. Kuna dodoso linalotumika sana duniani kupima dalili za kiwewe cha vita: maswali 20, kila jibu linapewa alama kuanzia 0 hadi 4, hivyo jumla ya juu ni 80. Tuseme wastaafu 60 wanaanza vikundi vya mazungumzo wakiwa na wastani wa 52. Baada ya miezi mitatu wastani ni 38. Alama 14 zimeshuka, habari njema. Lakini tuseme wako wengine 60 waliokuwa kwenye orodha ya kusubiri. Wao walianza na 51, na bila kuhudhuria kikao chochote wakashuka hadi 43. Hizo ni alama nane zilizoshuka zenyewe, kwa muda kupita, kwa sala, kwa kupata kibarua, kwa mvua kunyesha shambani. Kazi ya programu ni alama sita, si 14. Bado ni kazi, na huenda inastahili pesa. Ila waziri aliyeahidiwa 14 ataamua tofauti na aliyeambiwa sita.

Sasa chimba zaidi. Wale 60 wa mwanzo, wangapi walikuwapo siku ya kupimwa mara ya pili? Tuseme 34. Waliobaki 26 hawakurudi. Ile 38 tuliyoishangilia ni wastani wa waliorudi. Wa kwanza hakurudi kwa sababu alipona akapata kazi Mombasa. Wa pili alirudia chupa. Wa tatu hakuwa na nauli. Mpaka mtu anyanyue simu awatafute, hatujui kama tunatazama programu iliyoponya watu au iliyobaki na wale ambao wangepona hata hivyo.

Na hapo ndipo nauli inapokuwa jambo la kitakwimu. Hospitali kuu ya majeshi iko Nairobi. Mstaafu anayeishi Lang'ata anapanda gari moja. Wa Lodwar ana zaidi ya kilomita 600 za kusafiri, mahali pa kulala, na siku kadhaa za kuacha mbuzi. Tukiwahoji wagonjwa walioko foleni na kuandika ripoti iitwayo "hali ya afya ya wastaafu wa jeshi", tumeandika hali ya wenye nauli. Sera itakayotokana na ripoti hiyo itaongeza madaktari Nairobi, kwa sababu ndipo foleni ilipo. Foleni itarefuka, ripoti ya pili itaona foleni ndefu zaidi, na madaktari wengine wataongezwa hapo hapo. Lodwar haitatokea kwenye jedwali hata siku moja, na hakuna mtu atakayekuwa amefanya kosa.

Waliotutangulia katika jambo hili wana mafunzo ya kulipiwa kwa bei kubwa. Marekani ina idara nzima ya maveterani yenye hospitali zake yenyewe, na mwaka 2014 idara hiyo ilipatwa na aibu katika mji wa Phoenix. Lengo lilikuwa zuri: mgonjwa apate miadi ndani ya siku 14, na mameneja walipimwa kwa lengo hilo. Wakaguzi walipochukua sampuli ya wagonjwa 226, takwimu rasmi zilisema walisubiri wastani wa siku 24 kuonana na daktari kwa mara ya kwanza. Hesabu ya wakaguzi ilitoa siku 115. Na kulikuwa na maveterani wapatao 1,700 waliokuwa wakisubiri bila kuwa kwenye orodha rasmi ya kusubiri. Waziri wa maveterani, Eric Shinseki, alijiuzulu mwishoni mwa Mei mwaka huo. Ukifanya namba moja kuwa ndiyo mshahara wa mtu, utaletewa namba, na ugonjwa utabaki palepale. Tena angalia namba ilivyotengenezwa: kwa kuwaacha watu nje ya daftari. Kariokor tena.

Idara hiyo hiyo imetoa pia mfano ninaoupenda zaidi katika uwanja huu. Mwaka 2017 ilianzisha programu iitwayo REACH VET. Kompyuta hupitia rekodi za matibabu na kila mwezi huonyesha, katika kila kituo, asilimia 0.1 ya wagonjwa wanaoelekea kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kujiua. Mratibu humjulisha daktari wao, daktari hupitia upya matibabu na kumtafuta mgonjwa. Hapo kuna subira ya kinyume: kliniki haisubiri mtu aje.

Watathmini wangeweza kuhesabu simu zilizopigwa wakaenda zao. Badala yake waliwalinganisha walioorodheshwa na watu wa aina ileile ambao kompyuta ingewaorodhesha kabla programu haijaanza, na pia na wagonjwa wenye hatari kubwa ambao hawakufikia kizingiti cha kuingia orodhani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba katika miezi sita walioorodheshwa walihudhuria miadi zaidi, wengi zaidi walikuwa na mpango wa usalama ulioandikwa, walilazwa mara chache zaidi kwa matatizo ya akili, walikwenda mara chache zaidi vitengo vya dharura, na majaribio ya kujiua yaliyorekodiwa yalipungua. Vifo? Hawakuona tofauti.

Ripoti ya namna hiyo ikiletwa hapa, nahofia sentensi ya mwisho ingefutwa kabla haijapanda ngazi. Au gazeti lingeichukua hiyo peke yake: programu haikuokoa hata mmoja. Yote mawili yangekuwa makosa. Kifo ni tukio adimu, hata miongoni mwa walio hatarini zaidi, na miezi sita ni muda mfupi. Kutoiona tofauti hakumaanishi kwamba tofauti haipo. Msomaji wa tathmini inabidi azoee jibu lenye sehemu tatu: hiki kimesogea, hiki hakijasogea, hiki bado hatuna macho ya kukiona. Marekani imelazimika kuzoea kwa sheria: mwaka 2019 ilitiwa saini sheria inayozitaka idara zake kubwa ziwe na afisa wa tathmini na mpango wa maswali ambayo zinataka kuyajibu. Yaani swali huandikwa kwanza.

Kutoka Uingereza nachukua jambo moja tu, lakini ni zito. Watafiti wa King's College London wamefuatilia kundi kubwa la wanajeshi tangu vita vya Iraq. Katika duru ya 2014 hadi 2016, kiwewe cha vita kilikadiriwa kuwapata asilimia 6 ya wote waliohojiwa. Namba ya kutuliza roho. Lakini walipowatazama waliokwisha kuacha jeshi na ambao walikuwa mstari wa mbele vitani, ilikuwa asilimia 17. Wastani ulikuwa umewafunika. Mpanga sera aliyeshika sita angejenga kliniki ndogo kwa kila mtu. Aliyeshika 17 angejua amtafute nani. Na ili wajue wako wangapi, sensa ya Uingereza na Wales ya 2021 iliuliza kwa mara ya kwanza kama mtu aliwahi kuhudumu jeshini. Walijitokeza milioni 1.85.

Lakini usiichukue mifano hiyo ukaipandikiza Nairobi kama mche wa parachichi. Idara ya Marekani ina hospitali zake na rekodi za mgonjwa mmoja kwa miongo mingi. Kwetu, Katiba ya 2010 iliacha ulinzi mikononi mwa serikali kuu na kugatua sehemu kubwa ya huduma za afya kwa kaunti 47. Mstaafu akiugua Kakamega anahudumiwa na kaunti ambayo haikumwajiri wala haikumpeleka Somalia. Wizara iliyompeleka haiendeshi zahanati ya kijijini kwake. Ameangukia katikati ya viti viwili, na faili lake nalo limeanguka hapo hapo.

Tuna mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya mtandaoni tangu 2011, jambo ambalo Kenya ilitangulia nchi nyingi za Afrika. Lakini mfumo huo ulijengwa juu ya fomu za jumla: kituo kinaripoti wagonjwa wangapi wa malaria, wangapi wa nimonia, si safari ya mtu mmoja kutoka kituo kimoja hadi kingine. Hauwezi kukuambia kama aliyetibiwa kidonda hospitali ya Mbagathi mwezi Machi ndiye aliyelazwa hospitali ya akili ya Mathari mwezi Juni.

Hapa ndipo ninapoona mlango, ingawa ni mwembamba. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya imehamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na usajili wake ni wa mtu mmoja mmoja kwa kitambulisho. Kwa nadharia, orodha ya waliostaafu jeshini inaweza kuoanishwa na rekodi za bima, na kwa mara ya kwanza tukajua wastaafu wanatibiwa wapi, kwa maradhi gani, na nani hajagusa hospitali kwa miaka mitatu. Huyo wa mwisho ndiye ninayemtaka. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na ni haki yake. Orodha inayomtaja mtu kuwa askari wa zamani mwenye matatizo ya akili ni silaha ikiangukia mikono mibaya. Uoanishaji ufanywe na chombo kisichomlipa pensheni wala kumwajiri, majina yaondolewe, watafiti wabaki na namba.

Kuhusu nani afanye tathmini sitasema mengi. Kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Anayeendesha programu atoe data, ahukumu mwingine.

Jambo linalozungumzwa kidogo mno ni saa. Tathmini huishi au hufa kwa kalenda. Mwaka wa fedha wa Kenya huanza Julai 1. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika Bungeni kufikia Februari 15, na makadirio kufikia Aprili 30. Maamuzi makubwa ya nani apate nini hujadiliwa katika vikao vya sekta hata kabla ya mwaka kugeuka. Ripoti nzuri sana inayozinduliwa hotelini mwezi Mei, yenye jalada la kung'aa, ni pilau iliyoiva wageni wakiwa wamekwisha kwenda. Afadhali kurasa nne mwezi Oktoba, zenye mashaka yaliyokiriwa, kuliko kurasa 200 baada ya pesa kugawanywa.

Na kundi la kulinganisha tulitoe wapi, bila kumnyima mgonjwa matibabu? Swali hili huulizwa kila mara, na huulizwa kwa uchungu, kwa haki. Jibu liko kwenye umaskini wetu wenyewe. Pesa haitoshi kuanza kaunti 47 kwa siku moja, haijawahi kutosha. Basi kaunti za kuanza zichaguliwe kwa kura ya wazi, si kwa simu ya mheshimiwa. Tuseme 12 zianze mwaka huu, 12 mwaka ujao, na kuendelea. Zinazosubiri zingesubiri hata hivyo. Tofauti ni kwamba sasa kusubiri kwao kunatufundisha kitu, mradi tuwe tumewapima wote kabla ya kuanza. Kipimo cha kabla ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote, kwa kuwa wakati huo kila mtu ana haraka ya kukata utepe.

Tupime nini? Dodoso lile la maswali 20 lilizaliwa kwa Kiingereza, na kulitafsiri si kubadilisha maneno tu. Mstaafu hakwambii ana kumbukumbu zinazomvamia. Anakwambia anafikiria sana, kichwa kina moto, moyo unakwenda mbio usiku. Au anajibu kama alivyozoea mbele ya mkubwa: niko sawa, afande. Ukimuuliza mkewe unapata ripoti nyingine kabisa, na kwa maoni yangu ripoti ya mke inafaa kuwa sehemu ya kipimo, kwa ruhusa ya mume. Tusisahau pia kwamba baadhi ya wastaafu ni wanawake. Kikosi cha huduma cha wanawake kilivunjwa mwaka 1999 na askari wake wakaingizwa katika jeshi zima. Wengi wao sasa wana wajukuu. Magoti yao, migongo yao na usingizi wao haviko kwenye mifano tunayopenda kutoa, hata hii yangu iliyojaa wanaume.

Pendekezo la bei nafuu kuliko yote ni swali moja kwenye fomu ya mapokezi ya kila hospitali ya kaunti: umewahi kuhudumu jeshini? Karani angeuliza, angetia alama, na baada ya mwaka tungekuwa na ramani ya mahali walipo, wenye nauli na wasio nayo.

Nililitaja swali hilo kwa jirani yangu, mstaafu anayelinda geti la mtaa wetu usiku. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akazima redio yake ndogo. Akasema yeye angejibu hapana. Kampuni yake ikisikia kwamba aliwahi kuwa Somalia na sasa anatafuta daktari wa kichwa, haitamwacha getini. Halafu akaniuliza hiyo fomu husomwa na nani, ikishajazwa. Nilianza kumweleza habari za sheria ya data, nikaona sina jibu la maana, nikamwomba aniambie yeye angeliuliza vipi swali hilo, kwa mtu kama yeye. Akanyamaza kidogo, akasema nirudi kesho yake akiwa zamu ya mapema, tuliandike pamoja.